Namba Iliyokuwa Nyuma ya Mlango

Harufu ya mgomba uliokatwa haifanani na harufu nyingine. Ni ya maji baridi yaliyofungiwa mahali kwa muda mrefu, ina uchachu kidogo, na utomvu wake ukiingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo ichakae. Juzi, kwenye kilio cha mjomba wangu Kambale huko Butembo, vijana walikata migomba nyuma ya nyumba ili wapate nafasi ya kusimika turubai. Nilikuwa naosha sahani pamoja na wanawake wenzangu. Harufu ikanifikia, nikaacha sahani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wenzangu walidhani namlilia mjomba. Nilimlilia, ndiyo, maana alikuwa mtu mwema. Lakini kuna wakati, nikiwa mtoto, nilimchukia kuliko askari wote waliopita njia yetu, na chanzo chake kilikuwa mgomba na namba.

Baba yangu hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka Kasai. Serikali ilimleta huku kufundisha hesabu kwenye shule ya sekondari, kisha ikamsahau hapo hapo. Akamkuta mama, mwuza viazi na vitunguu, Mnande wa huku huku, mwenye rozari mfukoni na ulimi usiolala. Wakaoana. Nilipozaliwa, akaambiwa kwamba mimi ni Masika, na kwamba hana haja ya kutafuta jina, kwa sababu kwetu jina la mtoto hufuata zamu yake ya kuzaliwa.

"Donc, munahesabia batoto mbele ya kubapenda," baba alimtania mama.

"Hapana," mama akamjibu. "Tunabapenda, njo maana tunabahesabia."

Nadhani siku hiyo baba alijua kwamba ameoa mahali pazuri. Hadithi hiyo aliirudia kila mgeni alipokuja, na kila mara mama alijifanya hasikii.

Vita vilipokuja, vilikuja kwanza kama habari za mbali. Njia ya huku imefungwa, mji wa kule umeshikwa, askari wapya wamefika na wanasema Lingala. Halafu shule zikafungwa. Baba, ambaye hakujua kulima wala kuuza, akabaki nyumbani na mimi na chaki zake. Asubuhi za Butembo ni za ukungu na baridi. Tulikaa karibu na moto jikoni, yeye amejifunika koti lake la kazini, mimi nimeshika kibao changu cha kuandikia, na akanifundisha mambo ambayo hayakuwa ya umri wangu. Alinifundisha kwamba kuna namba zinazovunjika na zisizovunjika. Sita inavunjika, ni mbili mara tatu. Saba haivunjiki. Kumi na moja haivunjiki. Aliniambia kwamba kila namba inayovunjika imejengwa kwa zile zisizovunjika, kama nyumba ya matofali, na ukipata matofali yake umeijua namba yote.

Nilipenda namba zilizoandikwa kwa moja tupu. Baba aliliona hilo akalitumia. Moja tatu zikipangwa, mia moja kumi na moja, tuliivunja kwa tatu na thelathini na saba. Moja nne zikavunjika kwa kumi na moja na mia moja na moja. Moja tano zilinichosha siku nzima kabla ya kukubali. Basi asubuhi moja akafunga mlango wa chumba chetu, akageuza chaki, na upande wa ndani wa mbao akaandika moja kumi na moja kwa mstari mmoja, kubwa, zimesimama.

"Vunja hii," akasema.

Nilijaribu kwa tatu, ikakataa. Saba ikakataa. Kumi na moja yenyewe ikakataa. Kufika jioni nilikuwa nimelia. Baba akaninong'oneza siri, kwamba hakuna haja ya kujaribu kila namba. Chochote kitakachoivunja hii lazima kiwe moja zaidi ya mafungu ya ishirini na mbili. Kwa hiyo nianze na ishirini na tatu, niongeze ishirini na mbili, niongeze tena, na zile ninazoona kwamba zenyewe zinavunjika niziruke. Nilimwuliza kwa nini iwe hivyo. Akasema nitaelewa nikiwa mkubwa. Leo naweza kuthibitisha kwa mistari michache, na kila nikiithibitisha mbele ya wanafunzi wangu naisikia sauti yake.

Nikagawanya kwa ishirini na tatu. Ikabakiza kumi.

"Papa, hii haiwezi kuvunjika," nikamwambia. "Kumi na moja haivunjiki, na inaandikwa kwa moja mbili. Sasa namba yenye moja kumi na moja itavunjikaje?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Masika, tu vois, hii namba iko kama ukuta. Lakini iko na mulango. Ila ule mulango iko mbali sana."

Sikumsadiki. Nilidhani ananitania, kama alivyokuwa akinitania kwamba Kasai mvua hunyesha kutoka chini. Mtoto akishapenda jambo, hata ukimwapia haamini kwamba lina mwisho.

Hazikupita siku nyingi, ikaja habari kutoka Eringeti. Kule kulikuwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliotaka kufanya mtihani wa serikali, na mwalimu wao wa hesabu alikuwa amekimbia. Wazazi walichanga chakula na mahali pa kulala, wakamwita baba awafundishe mpaka mtihani. Mama hakutaka. Baba akasema mwalimu asiyefundisha ni mtu aliyevaa koti tu. Akapanda lori lililokuwa likienda kubeba mbao, akakaa juu, na lilipoondoka akaniinulia mkono uliokuwa bado na chaki vidoleni. Kutoka Butembo mpaka Beni, kutoka Beni mpaka Eringeti, ni njia ambayo watu wa biashara waliijua kama nyumba zao. Mama alihesabu kwamba kesho yake jioni atakuwa amefika.

Alifika. Hilo tulilijua. Alifundisha pia, kwa sababu mwanafunzi wake mmoja alikuja baadaye akatueleza. Halafu risasi zikaanza upande ule, usiku kucha, na watu wakakimbilia porini kila mtu na njia yake. Mwanafunzi yule alikimbia pamoja na baba hadi kwenye mto. Yeye akavuka. Alipogeuka, hakumwona tena. Ndivyo alivyosema, akiwa amesimama uani kwetu, anazungusha kofia mikononi. Mama akampa maziwa, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi kuchambua maharage. Aliyachambua mpaka giza likaingia na hakuwasha taa.

Tulingoja. Walikuja watu wengi kutoka kaskazini, miguu imevimba, magodoro vichwani, na mama alikwenda kila mahali walipolala akauliza habari za mwalimu Mkasai, mrefu, mwenye koti. Mvua zikaja zikaenda. Mahindi yakavunwa. Ndipo mjomba Kambale alipokuja, amevaa shati jeupe, na nilipoliona shati nikajua ana neno.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, na kwa kuwa baba hakuwa na ndugu karibu, yeye ndiye aliyetusimamia. Alikaa, akanywa chai yote, kisha akasema taratibu, "Dada, mutu hapana kukaa hewani. Kama haiko na sisi, aonekane na bale balikufa. Tukate mugomba, tumuzike, roho yake ipumuzike. Na weye pia upumuzike."

Katika ukoo wa mama, mtu aliyekufa mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa kwa mgomba. Hukatwa kwa urefu wake, huvikwa nguo yake, husomewa sala, hushushwa kaburini, na wanaobaki hunyoa nywele. Baada ya hapo yeye ni marehemu, na mkewe ni mjane. Kabla ya hapo si hiki wala kile. Mjomba hakuwa na nia mbaya. Aliona dada yake anakonda. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba anataka kumwua baba kwa panga, nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba yetu.

Mama akamwondolea mjomba kikombe kitupu. Kisha akasema, "Kazi yake haiyaisha."

Hilo pia ni desturi yetu, na mjomba asingeweza kulipinga, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wadogo zake. Mtu akifa ameacha shamba nusu, au paa halijaezekwa, wanaobaki humaliza kwanza. Hakuna anayezikwa na kazi mkononi. Kwa mwenye mwili watu hufanya haraka, lakini mgomba unaweza kungoja.

"Kazi gani?" mjomba akauliza. "Alikuwa mwalimu. Masomo ilifungwa."

Mama akasimama, akafunga mlango wa chumba ili upande wake wa ndani uonekane. Zile moja kumi na moja zilikuwa pale, hakuna aliyethubutu kuzigusa kwa kitambaa.

"Aliacha hii. Ilikuwa ya kugawanya, na haiyagawanyika."

Mjomba akaitazama kama mtu anayetazama mbuzi mwembamba sokoni. "Hesabu moja tu? Basi kesho kutwa itakuwa imeisha. Masika, utamaliza?"

"Nitajaribu, mujomba," nikasema, na moyo wangu uliruka kwa furaha.

Mjomba alipoondoka, mama aliniita jikoni. Akanishika mashavu kwa mikono inayonuka vitunguu, akaniuliza polepole, "Ile namba itavunjika?"

"Hapana, mama. Haiwezi."

Akaniachia. Nilimwona akipumua mpaka mabega yakashuka.

Tangu siku hiyo kugawanya kukawa kazi yangu, kama watoto wengine walivyokuwa na kazi ya kuchota maji. Nilikaa chini ya mlango na kibao changu. Namba niliyofikia niliiandika kwa makaa kwenye pembe ya mbao, nikimaliza naifuta naandika inayofuata. Kila ilipokataa nilikimbia kumwambia mama, jikoni au sokoni, popote alipokuwa. "Mama, imebakisha!" Naye alisema, "Mungu asifiwe," kwa sauti ile ile aliyotumia kanisani. Wanawake wa sokoni walidhani tuna bidhaa isiyonunuliwa na tunaifurahia, wakatuona wehu. Mimi nilikuwa nimekwisha kujipangia dini yangu. Kilichobaki baada ya kugawanya kilikuwa ni baba. Kikibaki kidogo, baba ana njaa mahali fulani. Kikibaki kikubwa, amekula vizuri, yuko njiani. Muhimu ilikuwa kibaki kitu.

Mjomba alikuja kila Jumapili baada ya misa. Alitazama pembe ya mlango, akaona namba imekuwa ndefu zaidi, akatikisa kichwa. "Haiyaisha?" "Haiyaisha, mujomba." Alikuwa na subira, nakiri. Siku moja aliniletea boksi zima la chaki.

Wakati mmoja askari waliingia kutafuta unga. Mmoja wao, kijana, akasukuma mlango, ukamrudia, akajikuta uso kwa uso na ile namba. Akaita, "Oyo nini?" Akanielekea. "Nani aliandika hii? Ni code?"

"Hapana. Ni hesabu ya papa. Inakataa kugawanyika."

Mama alikuwa amesimama uani, rozari mkononi. Kijana akaitazama namba, kichwa kimelala upande. "Saba, ulijaribu saba?"

"Saba inabakisha mbili."

Hakuamini. Akaegemeza bunduki ukutani, akachukua chaki mkononi mwangu, akachuchumaa, akagawanya kwenye sakafu, midomo ikitembea. Alikuwa mtu aliyewahi kukaa darasani, na si zamani sana. Ikabaki mbili. Akatabasamu kama mtoto. Kisha akauliza, "Papa yako iko wapi?"

"Alienda Eringeti kufundisha."

Tabasamu likamtoka. Alisimama, akapangusa magoti, akachukua bunduki. Nilingoja aseme kitu, kwa kuwa niliona kwamba amewahi kufika kule. Akanirudishia chaki kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mkubwa. "Endelea, mwana," akasema. Walichukua unga wote.

Nikaendelea. Shule zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa. Mikono yangu ilirefuka. Namba za kugawanyia zikawa za tarakimu nne, halafu tano, na moja ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu nilirudia kila mstari nisije nikakosea. Sikuchoka. Kama ningeambiwa nigawanye mpaka uzee ningekubali. Nilikuwa nimefika elfu ishirini na moja na mia kadhaa, siku ya mawingu, mama anatwanga sombe ya majani ya muhogo uani, na mimi nateremsha tarakimu ya mwisho kwenye kibao.

Kwa elfu ishirini na moja, mia sita arobaini na tisa, haikubaki kitu.

Nilikitazama kibao. Niliona sifuri, nikaona mkono wangu ulioiandika. Nikafuta kila kitu nikaanza upya, na kila mstari ulikuwa kama mtu anayetembea kwenda mahali anapopajua. Sifuri. Jibu lilikuwa laki tano, elfu kumi na tatu, mia mbili thelathini na tisa, na halikuwa na mkia. Ukuta ulikuwa na mlango. Baba alisema kweli. Alikuwa anaijua, alikuwa anaijua tangu mwanzo, na alinipa kazi ndefu kwa sababu alipenda kuniona nikikaa karibu na moto. Nilihisi fahari, kwa pumzi moja tu. Halafu nikasikia mchi wa mama ukipiga kinu na nikakumbuka nilikuwa nafanya nini.

Nilitoka nikasimama mbele yake.

"Mama. Haikubakisha kitu."

Mchi ukasimama hewani. Akaushusha polepole ndani ya kinu.

"Hesabu tena," akasema.

Nilirudi ndani nikahesabu. Sifuri. Nikatoka nikamwambia. Hakuwa ametwanga hata mara moja.

"Hesabu tena."

Nilirudi. Niliandika kwa tarakimu kubwa, machozi yakidondokea kibao na kufuta tarakimu, ikanibidi niandike juu ya maji. Sifuri. Nilipotoka safari hii nilimwonyesha kibao. Mama alinitazama, akanyanyua mikono, akafungua kitambaa chake cha kichwa. Akakikunja vizuri, mara mbili, akakiweka juu ya kinu. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi pembeni, na sikuwa nimewahi kujua.

"Enda, uite mujomba," akasema. "Umwambie kazi ya baba yako imeisha."

Mjomba alikuja na panga lililofungwa kwa gazeti. Aliukata mgomba mwenyewe, kwa urefu wa baba, na hapo ndipo ile harufu iliponiingia. Wakauvika lile shati lake la bluu la sherehe, kwa kuwa koti aliondoka nalo. Kabla ya kufukia, mjomba akaniita, akaniambia nimpe baba kazi yake. Niliandika zile namba mbili kwenye kibao, nikakishusha kaburini juu ya mgomba, pale ambapo mikono ingekuwa. Nikanyolewa, mama akanyolewa. Usiku ule mama alilala usingizi mzito, mara ya kwanza tangu lori lile liondoke. Ndiyo sababu baadaye niliacha kumchukia mjomba.

Sasa mjomba naye amekufa, akaacha banda la kuku bila paa, na wajukuu wake wameliezeka kabla ya kuondoa matanga, kama desturi inavyotaka. Jioni, chini ya turubai, binti yangu akaniuliza kama babu yake Mkasai naye aliacha kazi. Mama alikuwa kwenye mkeka pembeni, mzee sana sasa, macho yamefumbwa, tukadhani amesinzia. Nikamweleza binti yangu habari yote. Akatoa simu yake, akaandika zile moja kumi na moja, na kabla sijamaliza kumeza mate simu ikajibu.

"Mama, ni kweli! Elfu makumi mbili na moja, mia sita makumi ine na tisa. Na hii ingine. Yote ni hii mbili tu, haibakishe kitu."

Kutoka kwenye mkeka, bila kufumbua macho, mama akasema, "Hesabu tena."

Binti yangu akamgeukia bibi yake, akacheka. "Koko, simu hapana kukosa."

"Hesabu tena," mama akasema.